Padre Damien wa Molokai

Katika nchi ya Ubelgiji kiko kijiji kiitwacho Tremelo, na huko, tarehe 3 Januari 1840, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Jozef De Veuster. Babaye alikuwa mkulima na mfanyi biashara ya nafaka, na Jozef alikuwa mtoto wake wa saba. Alipopata miaka 13 aliacha shule ili amsaidie babaye shambani. Huko akajifunza kulima, kutunza wanyama, na kutumia nyundo na msumeno. Akakua kijana wa mabega mapana, mwenye nguvu nyingi, kichwa kigumu, na hasira za upesi. Hakujua kusema maneno ya kupendeza watu; lililokuwa moyoni mwake ndilo lililotoka kinywani. Babaye alitumaini kwamba huyu ndiye atakayeishika biashara baada yake.

Lakini Jozef alikuwa na nduguye mkubwa aliyekwisha kuingia katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria katika mji wa Leuven, naye huko aliitwa Pamphile. Mwaka 1859 Jozef akamfuata, akapewa jina la Damien. Wakubwa wa shirika walipomtazama waliona kwamba hafai kuwa padre, kwa kuwa hakujua Kilatini na elimu yake ilikuwa ndogo. Wakamweka awe bruda, yaani mtawa wa kazi za mikono. Damien hakunung'unika, ila alimwomba nduguye amfundishe Kilatini kidogo kidogo, na baada ya muda si mrefu akaweza kusoma vitabu, hata wakubwa wakabadili shauri lao. Walakini hakugeuka kuwa mtu wa vitabu. Alibaki mwana wa mkulima vile vile, naye hakuona haya kwa jambo hilo.

Mwaka 1863 Pamphile alichaguliwa kwenda kuhubiri Injili katika visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Siku hizo visiwa hivyo vilikuwa ufalme wenye mfalme wake. Safari ilipokaribia, Pamphile akashikwa na homa kali, asiweze kuondoka kitandani. Damien hakungoja kuulizwa. Alimwandikia barua mkubwa wa shirika lote aliyekuwa Paris, akaomba apewe nafasi ya nduguye katika merikebu. Hakuwataka shauri wakubwa wake wa Leuven, nao hawakupendezwa. Lakini ruhusa ikaja. Baada ya safari ya zaidi ya miezi minne merikebu ilifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, na mwezi wa Mei mwaka ule Damien akapewa upadre.

Kwa miaka 9 alifanya kazi katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Alipanda milima na kushuka mabonde kuwatafuta watu wake, akajenga makanisa madogo kwa mikono yake mwenyewe, akajifunza lugha ya wenyeji. Nao walimwita Kamiano, kwa kuwa ndivyo ndimi zao zilivyoweza kulitamka jina lake.

Katika siku hizo ugonjwa wa ukoma ulikuwa umeingia katika visiwa vile, ukaenea sana. Siku hizi ukoma hupona kwa dawa, na mgonjwa atumiaye dawa hawaambukizi wenzake; lakini zamani zile dawa hiyo haikuwapo, na watu waliuogopa kuliko kifo. Mwaka 1865, zamani za Mfalme Kamehameha wa Tano, serikali iliweka sheria kwamba wenye ukoma watengwe. Mahali palipochaguliwa palikuwa rasi ya Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai. Pande tatu za rasi ile ni bahari yenye mawimbi makali, na upande wa nne ni genge lililosimama kama ukuta, ambalo kimo chake hupita mita 600. Gereza la namna hii halihitaji mlango. Wagonjwa wa kwanza waliletwa Januari 1866. Mume alitengwa na mkewe, mtoto alitolewa mikononi mwa mamaye, na kila aliyeshushwa pale alijua kwamba hatarudi.

Serikali ilidhani kwamba watu wale watalima na kujilisha wenyewe. Lakini atalimaje mtu aliyekatika vidole? Wengi walikaa katika vibanda vya matawi na majani, bila maji ya kutosha, bila mwuguzi wa kuwaosha vidonda. Wengine walipika pombe kali kwa mizizi ya miti, wakainywa ili wasahau. Aliyekufa alizikwa bila sanduku. Watu wa mahali pale walizoea kusema kwamba huko hakuna sheria, na kweli mwenye nguvu alimpora asiye na nguvu.

Mwezi wa Mei 1873 Askofu Maigret alikutana na mapadre wake katika kisiwa cha Maui, kwa kubariki kanisa jipya. Akawaeleza habari za wakoma wa Molokai, ya kuwa waumini waliomo wanaomba padre, naye haoni vema kumwamuru mtu kwenda mahali kama pale. Mapadre wanne wakajitoa, wakiwa na shauri la kupokezana kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Damien, naye hakurudi hata nyumbani kwake kuchukua vitu vyake. Tarehe 10 Mei 1873 akashuka Kalaupapa kutoka katika chombo kilicholeta wagonjwa na ng'ombe. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Upande wa Kalawao, walikokaa wagonjwa, lilikuwako kanisa dogo, lakini nyumba ya padre haikuwako. Basi siku za kwanza Damien alilala chini ya mti wa namna ya mkadi, ule ambao watu wa pwani yetu huujua kwa harufu nzuri ya maua yake. Baada ya muda mfupi akawaandikia wakubwa wake kwamba zamu haina haja. Yeye yu tayari kukaa.

Mtu asidhani kwamba Damien hakuona vigumu. Harufu ya vidonda ilimshinda mara nyingi katika siku za kwanza, na alipokuwa akiungamisha mgonjwa katika kibanda chake, ilimlazimu kukimbia nje kuvuta hewa, kisha kurudi. Akaanza kuvuta kiko, ili moshi wa tumbako ufunike harufu ile. Yeye mwenyewe aliyaeleza haya katika barua zake, wala hakujifanya malaika. Lakini kila alipotoka, alirudi.

Wageni wa namna nyingine wakoma walikuwa wamekwisha kuwaona: wale wasemao kwa upole wakiwa wamesimama mbali. Damien aliingia ndani. Aliosha vidonda na kuvifunga, akawashika mikono, akala nao katika bakuli moja chakula chao cha magimbi yaliyopondwa, na kiko chake aliwapa wavute. Waganga wangeweza kumlaumu kwa haya, na labda kwa haki. Lakini watu wale walikuwa wameambiwa na ulimwengu wote kwamba hawagusiki. Katika mwezi wa Novemba wa mwaka ule alimwandikia nduguye kwamba amejifanya mkoma pamoja na wakoma, na kwa sababu hiyo, anapohubiri, hawaiti wasikilizaji ndugu zake, bali husema sisi wakoma. Mwili wake ulikuwa bado mzima siku hizo.

Wakati ule serikali ilimkataza kutoka katika rasi. Siku moja mkubwa wake alipita kwa merikebu, na nahodha asimruhusu kushuka. Damien akaiendea merikebu kwa mashua, naye asiruhusiwe kupanda. Basi akasimama ndani ya mashua, akaungama dhambi zake kwa Kifaransa, kwa sauti kubwa, na mkubwa wake akamsikiliza kutoka juu. Baadaye serikali ilimlegezea amri hiyo. Lakini hebu fikirini jambo lile. Kuna watu wangapi ambao wangekubali kupaza sauti namna ile?

Ndipo kazi alizojifunza utotoni zilipoonyesha faida yake. Mtu mwanana, mwenye elimu nyingi na mikono laini, angalikuwa na huruma, lakini asingaliweza kujenga nyumba. Dhoruba ilipobomoa vibanda vya wagonjwa, Damien aliomba mbao serikalini, akapiga msumeno na randa toka asubuhi hata jioni, pamoja na wagonjwa waliokuwa na nguvu bado, na nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya ardhi zikasimama mstari kwa mstari. Alitafuta chemchemi bondeni, na mabomba yalipoletwa wakayalaza mpaka kijijini, watu wakapata maji safi. Alitengeneza majeneza mamia, akayachimba makaburi mwenyewe. Akawekea makaburi ua, ili nguruwe wasiyafukue. Aliwakusanya watoto yatima katika nyumba zao, akawatunza kama baba. Akaanzisha kwaya na bendi, na watu waliobakiwa na vidole vichache wakapiga ala za muziki kwa furaha, hata wageni wakastaajabu.

Wala hakuuliza kwanza mtu ni wa kanisa gani. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo Wakatoliki, Waprotestanti, na wengine walioshika bado dini ya wazee wao. Damien alitamani sana kuwavuta wote katika imani yake, hilo hakulificha. Lakini nyumba alimjengea kila mhitaji, na kidonda alikiosha kwa kuwa ni kidonda.

Kichwa kigumu nacho hakikumwacha. Aliiandikia Halmashauri ya Afya huko Honolulu barua juu ya barua akidai mbao, nguo, chakula na dawa, na mabwana wale walichoka naye. Hata baadhi ya mapadre waliotumwa kumsaidia hawakupatana naye, na kosa halikuwa lao siku zote. Mwaka 1881 Binti Mfalme Liliuokalani alikuja kutazama kijiji. Alipotaka kuwahutubia watu machozi yalimzuia. Baadaye alimletea Damien nishani ya heshima ya ufalme. Damien akaiweka, akarudi kwenye mbao zake.

Jioni moja ya Desemba 1884 alitaka kuosha miguu baada ya safari ndefu. Akaitia katika maji, na ngozi ikababuka kwa moto, lakini yeye hakusikia maumivu. Akafahamu maana yake, na mwaka uliofuata daktari akamhakikishia. Tangu siku hiyo maneno yale aliyozoea kuyasema kanisani yakawa kweli kwa mwili wake pia. Hakupunguza kazi, bali aliiharakisha, kama mtu aonaye jua linakaribia kuchwa.

Habari zake zikaenea ulimwenguni. Kasisi mmoja wa Kianglikana huko London, jina lake Hugh Chapman, alikusanya fedha nyingi akampelekea. Julai 1886 akaja Joseph Dutton, aliyekuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, akakaa na wagonjwa zaidi ya miaka 40. Novemba 1888 wakafika masista pamoja na Mama Marianne Cope, nao wakawa walezi wa wasichana na wanawake. Kwa hiyo Damien alipolala kitandani kwa mara ya mwisho alijua kwamba watoto wake hawataachwa. Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na umri wa miaka 49. Wakamzika karibu na kanisa, chini ya mkadi ule alioulalia siku za kwanza.

Baada ya kufa kwake mchungaji mmoja wa Honolulu aliandika barua, iliyochapwa katika gazeti, ya kuwa Damien alikuwa mtu mkali, mchafu, asiye na adabu, na mwenye ukaidi. Barua ile ikafika mikononi mwa Robert Louis Stevenson, mwandishi mashuhuri wa Scotland, ambaye hakuwa Mkatoliki. Stevenson alikuwa amekaa siku kadhaa Kalaupapa mwezi mmoja tu baada ya mazishi, akawauliza watu waliomjua marehemu, hata wale waliogombana naye. Mwaka 1890 akachapa majibu makali. Hakukana kwamba Damien alikuwa na kasoro; nyingine aliziandika yeye mwenyewe waziwazi. Lakini alionyesha kwamba wenye adabu na usafi walibaki katika nyumba zao nzuri, na mkulima yule mkaidi ndiye aliyekwenda.

Mwaka 1936 mwili wake ulichukuliwa kwa heshima kubwa mpaka Ubelgiji, ukazikwa Leuven. Watu wa Kalaupapa walilia kwa kunyang'anywa Kamiano wao. Sheria ya kuwatenga wenye ukoma iliondolewa Hawaii mwaka 1969, na baadhi ya wagonjwa wa zamani, waliokuwa huru kwenda popote, walichagua kubaki pale pale. Tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza Damien kuwa mtakatifu. Lakini wazee wa Kalaupapa walikuwa wamekwisha kupata walichokitaka: mwaka 1995 waliletewa mkono wake wa kuume, wakauzika katika kaburi lile la kwanza, kando ya kanisa la Kalawao.