Paul Robeson

Paul Leroy Robeson (Princeton, New Jersey, 9 Aprili 1898 – Philadelphia, Pennsylvania, 23 Januari 1976) alikuwa mwimbaji, mwigizaji na mwanaharakati kutoka Marekani. Anakumbukwa kwa sauti yake ya besi na kwa filamu za muziki za miaka ya 1930, ambazo moja kati yao aliigiza pamoja na Jomo Kenyatta.

Maisha ya awali

Baba yake alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana na baadaye akawa mchungaji. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto Paul akiwa bado mtoto. Alisoma Chuo cha Rutgers kwa ufadhili, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923. Aliacha uanasheria mapema kwa sababu ya ubaguzi wa rangi kazini.

Filamu za muziki

Filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, waimbaji wa jukwaani walitafutwa sana. Robeson alikuwa amekwisha kupata sifa London mwaka 1928 kwa kuimba "Ol' Man River" katika tamthilia ya muziki Show Boat, na aliuimba tena katika filamu ya mwaka 1936. Baadaye, katika matamasha yake, alibadilisha maneno ya wimbo huo ili usiwe tena wa mtu aliyekata tamaa.

Akiwa London alijifunza Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Kwa hiyo alifurahi alipoitwa kuigiza chifu Bosambo katika Sanders of the River (1935), hasa kwa vile mwongozaji Zoltan Korda alikuwa amepiga picha na kurekodi ngoma halisi barani Afrika. Kijiji cha filamu kilijengwa karibu na London, na Waafrika waliokuwa wakiishi huko waliajiriwa kama waigizaji wa pembeni. Kenyatta, wakati huo mwanafunzi, alicheza kama chifu mdogo.

Filamu ilipokamilika, ngoma zilikuwemo, lakini hadithi iliusifu utawala wa Waingereza. Bosambo alionekana mtumishi mwaminifu wa mkoloni, tena kwa sauti ileile iliyowavuta watu sinema. Robeson aliijutia filamu hiyo maisha yake yote. Katika Song of Freedom (1936) alidai kwanza haki ya kuidhinisha filamu kabla ya kuonyeshwa. Mwaka huohuo mke wake, Eslanda, alisafiri hadi Uganda na mtoto wao, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo.

The Proud Valley (1940), kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales na kwaya yao, ndiyo filamu aliyoipenda zaidi. Baada ya Tales of Manhattan (1942) aliachana na Hollywood.

Miaka ya baadaye

Robeson aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililotetea uhuru wa makoloni. Kutokana na siasa zake, serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1950. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimbaji wa Wales kwa njia ya simu kutoka New York. Alirudishiwa pasipoti mwaka 1958, lakini afya yake ilidhoofika muda mfupi baadaye, na aliishi kimya hadi kifo chake.