Nyerere, jirani yetu
Mimi nilizaliwa Julius Nyerere akiwa ameshafia London, mwaka 1999. Kwao ni Butiama. Mwaka 1960 alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili iungane na Kenya na Uganda, haikuwa. Jumuiya ya 1967 nayo ikavunjika baada ya miaka 10. Ila mwanafunzi wa lugha hutazama kwingine: tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini walipokewa, na baadhi yao wakarudi makwao na Kiswahili. Kwangu, mlango huo ulijenga ujirani kuliko mikataba. Kongo tuliingia Jumuiya mpya mwaka 2022. Hapa Lubumbashi, nkambo wangu alishazoea kukiita Kiswahili sanifu Kiswahili cha Nyerere.