Ada ya Mtoto wa Kwanza

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nyumba nyingi za Kashaulili hukaa vikao viwili. Cha kwanza ni cha vigelegele au cha machozi, na majirani husikia. Cha pili hufanyika usiku, watoto wakidhaniwa wamelala: baba na mama wanahesabu fedha. Ada ya sekondari za serikali imeondolewa, lakini nauli ya treni mpaka Tabora haijaondolewa, wala bei ya godoro na tranka, wala ada ya chuo. Mara nyingine hesabu hugoma, na anayeambiwa asubiri ni yule yule aliyefaulu.

Kikao cha namna hiyo kilimkuta Tom Mboya wa Kenya mwaka 1947, akiwa kijana wa miaka kumi na saba.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, upande ule ule wa ziwa ambako wamishonari Waadventista walifungua kazi yao Gendia mwaka 1906. Familia ya Mboya ilikuwa ya Kikatoliki. Mzee Ndiege aliondoka kisiwani kufuata mshahara, kama walivyofanya baadaye watu wengi waliokuja Mpanda wakati wa machimbo ya risasi. Huko mkongeni alipanda hata akawa mnyapara. Mnyapara aliheshimiwa kambini, lakini heshima hailipi ada, na watoto walikuwa wakiongezeka.

Hata hivyo mzee huyo hakumweka mtoto wake wa kwanza shambani. Tom alipofika miaka tisa alipelekwa shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani. Vibao vya kuandikia havikuwapo. Watoto walijifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole. Mwaka 1942 alihamishiwa Yala, huko Nyanza, mbali kabisa na mkongeni, na mwaka 1946 akaingia Holy Ghost College ya Mang'u, mojawapo ya shule chache zilizompa Mwafrika elimu ya sekondari Kenya. Kila hatua ilikuwa na gharama yake, na kila mara baba alilipa.

Mang'u alifaulu vizuri kiasi cha kuruhusiwa kuendelea hadi cheti cha Cambridge. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha siku zile. Mwenye cheti hicho aliweza kutazamia Makerere. Asiye nacho alitazamia ukarani. Ndipo fedha zilipokwisha. Wadogo zake nao walikuwa wamefikia umri wa shule, na mshahara wa mnyapara haukuweza kumsomesha mkubwa na wadogo kwa pamoja. Tom aliacha shule.

Hapa darasa litulie kidogo. Tunaijua habari ya Yusufu, aliyetangulia Misri kwa sababu ndugu zake walimtupa. Mboya hakutupwa na mtu. Baba aliyemwondoa shuleni ndiye aliyemsomesha miaka minane, na sababu ya kumwondoa ilikuwa watoto wengine wa nyumba ile ile. Je, kijana anayerudishwa nyumbani namna hii huelezwa hesabu za nyumba, au huachwa abuni mwenyewe kwamba amekataliwa? Na kanisa, ambalo humpigia makofi aliyefaulu, humfahamu aliyefaulu akabaki?

Mboya alitafuta mlango ambao haukuhitaji fedha za baba. Mwaka 1948 aliingia mafunzo ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, mafunzo ambayo hayakumgharimu mzee wake. Haikuwa kazi ya kujivunia mbele ya wenzake waliobaki darasani Mang'u: kukagua maziwa, vyoo, masoko na mitaro. Lakini hakuisoma kwa kinyongo. Wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiongozi wao, na mwaka 1950 akahitimu. Halmashauri ya jiji la Nairobi ikamwajiri.

Mshahara ulipoanza kuja, sehemu yake ilikwenda kwa ada za wadogo zake. Jambo hili hutajwa kwa ufupi sana katika habari za maisha yake, kwa kuwa mambo makubwa yalifuata haraka: chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa mwaka 1952, ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya mwaka 1953, Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Lakini ndilo linaloeleza mengi. Ile ada iliyokatwa kwake aliichukua yeye akaendelea kuilipa.

Darasani alirudi mwaka 1955, miaka minane baada ya kuacha Mang'u. Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilimpa nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, chuo kilichowekwa kwa ajili ya watu wazima wa kazi ambao shule iliwakatikia njiani. Hakutoka na shahada, wala baadaye hakusomea shahada.

Mwaka 1959 alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo kwa vijana waliofaulu lakini wakakosa njia. Vyuo vilitoa nafasi, nauli haikuwapo. Wamarekani weusi mashuhuri, akina Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuomba michango. Nyumbani nako ukoo na majirani walichanga, wengine wakauza mifugo, ili mtoto mmoja apande ndege. Septemba ya mwaka huo wanafunzi 81 waliondoka Nairobi. Mwaka 1960, baada ya Mboya kumwendea John Kennedy, mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na safari hiyo ikabeba vijana wa nchi nyingine pia, Tanganyika ikiwamo. Msichana mmoja wa Nyeri aitwaye Wangari, aliyepelekwa shule kwa mara ya kwanza kwa sababu kaka yake alimwuliza mama mbona Wangari haendi, alikuwa miongoni mwao. Dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai. Hadi mwaka 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamekwenda.

Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri mwenye miaka 38. Walimzika Rusinga, kisiwa ambacho baba yake alikiacha ili akatafute mshahara.