Gossage Alikuwa Nani?

Wanafunzi wa Garsen, wacheza kandanda wa kandokando ya Mto Tana, wameniuliza Gossage alikuwa nani hata kombe kongwe la Afrika Mashariki likaitwa kwa jina lake. William Gossage alikuwa mkemia Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1799. Mwaka 1836 alibuni mnara wa kunasa hewa ya tindikali iliyokuwa ikiunguza mimea. Baadaye akatengeneza sabuni ya bei nafuu huko Widnes. Alifariki mwaka 1877. Kombe lilitolewa na kampuni yenye jina lake, na mwaka 1926 Kenya ikaishinda Uganda. Jina hilo (la sabuni, jamani!) lilidumu hadi 1966. Ya vijana waliolitolea jasho, walimu wenzangu, tunayafundisha wapi?