Kakira wa Gisaka

Zamani, kabla nchi ya Gisaka haijatwaliwa na wafalme wa Rwanda katikati ya karne ya 19, alikuwako huko mwana wa mfalme aitwaye Kakira. Baba yake alikuwa Kimenyi, mfalme wa ukoo wa Abagesera. Ufalme huo ulikuwa upande wa mashariki, karibu na mto Akagera, mahali palipo leo wilaya za Kirehe na Ngoma. Habari za Kakira zimepokewa kwa midomo ya wazee, nasi twazisimulia kama walivyotuachia.

Katika nchi ile heshima ya mtu ilihesabiwa kwa ng'ombe zake. Kakira naye alikuwa nazo, lakini yasemekana alipenda zaidi usafi na uzuri wa nyumba. Alizitazama kuta za ndani, akafikiri jinsi ya kuzipamba. Hakuagiza kitu chochote kutoka mbali. Alitumia samadi ya ng'ombe, yaani kitu ambacho wengi hukitupa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Samadi mbichi huchanganywa na majivu ili kuondoa harufu na kufukuza wadudu. Kisha hufinyangwa kwa vidole juu ya michoro, ikawa matuta membamba ya pembe na mizunguko. Yakisha kukauka hulainishwa, ndipo hutiwa rangi: nyeupe ya chokaa ya udongo, nyekundu ya udongo mwekundu, na nyeusi ya majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri. Matuta hayo huitwa imigongo, na kila ajuaye Kiswahili atatambua mara moja kwamba ndiyo migongo yetu.

Aliyepata kuingia katika kanisa kubwa huenda ameona madirisha ya vioo vya rangi, ambavyo vipande vyake hushikwa kwa risasi. Asiye na mali ya kununua vioo hivyo huweza kuviiga nyumbani. Huchora mistari minene iliyotuna juu ya kioo kisicho na rangi, huiacha ikauke, kisha hujaza rangi katikati, na mistari ile huzuia rangi zisiingiliane. Kakira alifuata kanuni iyo hiyo, ila dirisha lake lilikuwa ukuta, na risasi yake samadi.

Baada yake kazi hiyo ilishikwa na wanawake wa Gisaka, mama akimfundisha binti. Hata ulipofika mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwaangamiza wengi walioijua, na kidogo tu ingepotea. Lakini wanawake waliosalia huko Kirehe waliungana katika ushirika, wakauita kwa jina la Kakira, wakaanza kufinyanga juu ya mbao badala ya kuta. Leo mbao hizo huuzwa Kigali, na hutundikwa katika hoteli na nyumba za watu.

Ufalme wa Kimenyi umekwisha, na ng'ombe zake hakuna awezaye kuzihesabu. Lakini kazi ya mwanawe ingali yawalisha watu. Basi, vijana wenzetu, tusione haya kuchafua mikono. Mwana wa mfalme alishika samadi, na kwa hiyo jina lake halikusahauliwa.