Mama Jones

Mary Harris alizaliwa mwaka 1837 mjini Cork, katika nchi ya Ireland. Wazazi wake walikuwa maskini. Wakati huo Ireland ilitawaliwa na Waingereza. Wakulima wengi walilima mashamba ya kukodi. Waliuza nafaka na mifugo ili walipe kodi ya shamba. Wao wenyewe walikula viazi.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, vikaoza ardhini. Njaa ilidumu miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja walikufa. Hata hivyo, nafaka iliendelea kupelekwa Uingereza.

Watu zaidi ya milioni moja walihama. Wengi walivuka bahari kwa merikebu za matanga. Safari ilichukua majuma sita au zaidi, kwa kutegemea upepo. Maskini walisongamana chini ya sitaha, gizani. Maji na chakula vilikuwa haba. Chawa walieneza homa kali. Mwaka 1847 maelfu walikufa safarini, au mara tu walipofika Kanada.

Baba yake Mary alitangulia ng'ambo kutafuta kazi. Baadaye mke na watoto walimfuata, wakakaa Toronto, Kanada. Huko Mary alisoma, akajifunza ualimu. Kisha alihamia Marekani. Alifundisha shule, halafu akashona nguo mjini Chicago. Mwaka 1861, mjini Memphis, aliolewa na George Jones, fundi wa chuma.

Mwaka 1867 homa ya manjano iliingia Memphis. Ilimwua mumewe na watoto wao wote wanne. Mary alirudi Chicago kushona. Mwaka 1871 moto mkubwa uliunguza mji, na duka lake likateketea.

Mary hakukata tamaa. Alizunguka nchi akiwahimiza wafanyakazi waungane. Wachimba makaa ya mawe walimwita Mama Jones. Mwaka 1903 aliongoza watoto waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Baadhi yao walikuwa wamekatwa vidole na mashine. Waliandamana kutoka Philadelphia kwenda nyumbani kwa Rais Roosevelt, New York. Rais alikataa kuwaona. Lakini habari zao zilienea nchini.

Mama Jones alifariki mwaka 1930. Alizikwa Mount Olive, Illinois, katika makaburi ya wachimba migodi. Aliwapoteza watoto wanne, lakini maelfu ya wafanyakazi walimwita mama.

Maswali

1. Kwa nini watu wa Ireland walihama?
2. Taja shida tatu za safari ya baharini.
3. Mama Jones aliwasaidiaje wafanyakazi?