Marehemu Mathias Mnyampala na Swali la Ushairi

Ndugu wasomaji, muhula huu napenda kuwasimulia maisha ya marehemu Mathias E. Mnyampala, mshairi aliyezaliwa katika nchi yetu hii ya Ugogo. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye ni mtu wa kwetu, na si vema tujue habari za washairi wa mbali tusijue habari za jirani. Ya pili ni kwamba maisha yake yaweza kutufundisha namna ya kulijibu lile swali ambalo wengi wetu hulikimbia katika mtihani wa Kiingereza, yaani swali la kuchambua shairi.

Marehemu alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Alikuwa Mgogo, na katika utoto wake alichunga ng'ombe kama watoto wengi wa Kigogo. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigogo. Kusoma na kuandika alijifunza katika mafunzo ya dini ya Kikatoliki.

Yafaa tukumbuke kwamba siku zile ushairi wa Kiswahili ulihesabiwa kuwa mali ya watu wa pwani. Watoto wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja walisikia mashairi yakighaniwa tangu wakiwa wadogo. Mtoto wa Ihumwa alisikia zeze na ngoma za kwao. Kwa hiyo Mnyampala alipoingia katika ushairi wa Kiswahili aliingia ugenini, kama vile sisi wanafunzi wa Bahi tunavyoingia ugenini tunapofungua shairi la Kiingereza.

Hapa twapata funzo la kwanza. Mgeni hana budi kuangalia kwa macho jambo ambalo mwenyeji hulisikia bila kufikiri. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa nusu kwa nusu, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Asiyezaliwa nayo hayo huyajua kwa kuhesabu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Shairi la Kiingereza lisomwe mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Mara ya pili tuhesabu beti zake, tupige mstari chini ya maneno yanayorudiwa, tuangalie mahali ambapo mshororo umefupishwa ghafula au kina kimevunjika. Aghalabu pale mwendo unapobadilika ndipo penye jambo.

Alipokuwa mtu mzima Mnyampala alifanya kazi nyingi. Alikuwa mwalimu, kisha karani wa serikali, akawa liwali, na baadaye akawa hakimu. Mwaka 1954 kilitolewa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, ambacho mpaka leo husomwa na wanaotaka kuijua asili yetu.

Kazi yake ya uhakimu yatupa funzo la pili. Hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa sababu tu uso wake haumpendezi. Hudai ushahidi. Wengi wetu huandika kwamba shairi ni la huzuni, au kwamba mshairi anachukia dhuluma, kisha twaendelea na hoja nyingine. Hiyo ni hukumu bila shahidi. Kila hoja na ifuatwe na neno au maneno machache kutoka katika shairi lenyewe, kisha tueleze neno hilo linathibitisha nini. Ushahidi ukikosekana, hoja hiyo iachwe hata kama ni tamu.

Mwaka 1963 ilitoka Diwani ya Mnyampala, na mwaka huo huo Utenzi wa Enjili Takatifu. Mwaka 1965 zilifuata Waadhi wa Ushairi na Utenzi wa Zaburi. Tazameni jambo hili: habari za Injili zilikuwa zikisomwa tayari katika Kiswahili cha kawaida. Kwa nini basi ajitaabishe kuzitia katika utenzi? Ni kwa sababu umbo la utenzi lina kazi yake. Vina na mizani husaidia moyo kushika, na sauti hulipa neno uzito. Basi mtahini akiuliza juu ya shairi, haulizi habari yake peke yake. Mwanafunzi anayelisimulia shairi kama hadithi amejibu nusu ya swali. Nusu ya pili ni kueleza umbo lake limeongeza nini juu ya habari hiyo.

Mnyampala alikuwa pia kiongozi katika UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alitunga ngonjera nyingi za kuelimisha watu, na ni yeye hasa aliyezieneza ngonjera kwa maandishi. Sote tumezighani siku za sherehe tangu shule ya msingi. Mmoja husimama akabisha, mwingine akamjibu, mpaka yule mbishi akubali. Mbishi na mjuzi wote wawili maneno yao yametungwa na mtu mmoja. Mtu akichukua ubeti wa mbishi akasema hayo ndiyo mawazo ya Mnyampala, atakuwa amemgeuza marehemu kuwa adui wa jambo alilolipigania.

Funzo hili la tatu mimi nililipata kwa uchungu. Katika jaribio moja la Kiingereza tulipewa shairi ambalo msemaji wake anajisifu kwa mali. Nilijaza kurasa mbili nikimlaumu mshairi kwa kiburi chake, nikatoka nikitabasamu. Karatasi iliporudi nilikuta alama 3 katika 15. Kumbe mshairi alikuwa akimcheka yule msemaji, nami sikuona. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika neno lolote, hujiuliza: Nani anasema? Anamwambia nani? Mshairi yuko upande gani?

Majibu ya maswali hayo yafaa yawe ndiyo utangulizi wa insha, pamoja na jina la shairi na la mtunzi. Kisha zifuate hoja, kila moja katika aya yake na shahidi wake. Mwisho useme kwa ufupi shairi limetuachia nini. Sentensi fupi za Kiingereza sahihi ni bora kuliko ndefu zenye kupotea njia.

Marehemu Mnyampala alifariki mwaka 1969, akiwa bado mtu wa makamo. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitolewa mwaka 1970 na 1971, naye hakuviona. Na mwaka 1995 kile kitabu chake juu ya Wagogo kilitolewa kwa Kiingereza, hata wasomaji wa nchi za mbali wakalazimika kujifunza kutoka kwa mchunga ng'ombe wa Ihumwa.

Ndugu zangu, yeye aliingia katika ushairi wa lugha ya ugenini akatoka ni fundi wa kuwafundisha wengine. Sisi tunaombwa kuandika insha moja tu. Basi siku ya mtihani tusiliruke swali la ushairi kabla ya kulisoma mara mbili.